Nyimbo Tatu Mpaka Injini Iwake

Kiangazi cha 2013 basi dogo jeupe la kanisa liliniumbua mbele ya kwaya nzima. Lilikuwa kuukuu, na ugonjwa wake ulikuwa mmoja: lilizima njiani bila taarifa, likapumzika, kisha likawaka kana kwamba hakuna kilichotokea. Wakiniletea gereji kwangu Kasulu, linanguruma kutwa nzima bila hata kukohoa. Nilishabadilisha filta ya mafuta, plagi na pampu, na kila mara niliwaambia kifua mbele, "Limepona hilo." Halikuwa limepona. Mimi ni mtu wa kuudhika upesi, na gari lililonifanya mwongo mbele za watu nililichukia kweli kweli.

Mwenyekiti wa kwaya alikuwa mama mmoja, mwalimu wa shule ya msingi, mwenye maneno yake. Binti yake alikuwa anaolewa Kibondo siku ya Jumamosi, ibada saa nane mchana, na kwaya ya mama yake ndiyo ingemwingiza kanisani. Asubuhi ya Ijumaa mama huyo alinijia gereji.

"Mwakeye, fundi," alinisalimu kwa Kiha. "Kesho unakwenda na sisi."

"Mama, mimi Mwislamu. Nitaimba nini huko?"

"Nani kakuita uimbe? Likizima, uwepo ulione kwa macho yako. Mwanangu akiingia kanisani bila mimi, fundi, mimi na wewe basi."

Nilicheka, lakini usingizi wa siku ile haukuwa mzuri.

Jumamosi saa tatu tukaondoka, wao na vitenge vyao vya sare, mimi na boksi langu la spana. Tulipopita Nyakitonto, kwenye mwinuko, jua limeshakuwa kali, basi likazima. Kwaya hata haikushtuka. Waliteremka, wakajipanga kivulini, wakaanza kuimba. Waendesha baiskeli wakasimama. Mwanamke mmoja mwenye tenga la mihogo kichwani akacheza mabega bila kuugusa mzigo wake, watu wakampigia vigelegele. Nami niliyekuwa nimenuna nikajikuta natikisa kichwa.

"Mnafanya nini?" nikamuuliza mwenyekiti.

"Tunaliombea. Linasikia, hili. Asubuhi wimbo mmoja tu linawaka. Mchana wa jua ni nyimbo tatu, siku moja lilitaka nne. Siku ya mvua halijawahi kuzima hata mara moja."

Nilibaki na spana mkononi. Miezi minne nilikuwa nauliza limezimia wapi, sikuwahi kuuliza linachukua muda gani kuwaka. Asubuhi mmoja, mchana tatu, mvua hakuna. Kumbe gari lilikuwa linasubiri kupoa!

Nikachomoa waya wa plagi na kumwambia dereva apige stata. Cheche hakuna. Basi nikajua wa kumkamata ni nani: sensa ya krenki, kidude kidogo kinachotazama injini inavyozunguka ili plagi zijue wakati wa kutoa cheche. Kikichakaa, joto likizidi kinanyamaza, na kikipoa kinarudi kazini. Nikaomba chupa ya maji ya kunywa, nikaingia chini ya gari na kukimwagia taratibu.

"Piga!"

Injini ikawaka, na kwaya ilikuwa bado kwenye ubeti wa pili wa wimbo wa kwanza.

"Hatujamaliza!" alilalamika mzee mmoja wa sauti ya besi.

Nilicheka nikiwa nimelala kwenye tope la maji yale, nikacheka mpaka machozi. Sijawahi kuwa na furaha kama ile chini ya gari.

Sensa nyingine niliifunga wiki iliyofuata, na ugonjwa ukaisha kabisa. Siku ile nilikuwa na maji tu. Kila baada ya mwendo mfupi tulisimama, nikaingia uvunguni na kuipoza kabla haijakasirika. Kwaya walinipa maji yao yote ya kunywa na kuimba na koo kavu. Mwenyekiti alikaa mbele, anatazama saa yake ya mkononi, na mimi niliogopa kumtazama yeye.

Tuliingia Kibondo saa nane na robo. Bibi harusi alikuwa nje, mlangoni pa kanisa, kwenye jua na shela lake. Watu walimsihi aingie, akakataa. Mama yake aliteremka gari halijasimama sawasawa, wakakumbatiana mpaka shela likakaa upande.

"Huyo ndiye aliyetufikisha," mama akamwambia, akininyooshea kidole.

Nilificha mikono nyuma. Nilikuwa na oili na tope mpaka kwenye viwiko. Binti akaja, akaninyooshea mkono wenye glavu nyeupe.

"Mwanangu, nina oili."

"Naiona, baba. Lete mkono."

Hakunigusa kwa ncha za vidole. Aliushika mkono wangu wote, akaubana, kisha kwaya ikaanza. Aliingia kanisani mkono mmoja umeshikwa na mama yake, na ule mwingine una alama za vidole vyangu vitano.