Filme ya Kikannada kwenye Ukuta wa Bibi

Ukumbi wa parokia tulimotazamia filme uko chini ya mawe ya volkano, na juu ya mawe hayo leo kuna depo ya simenti. Niliporudi Goma mwaka jana na lisansi yangu ya umeme, shahada ya chuo kikuu, nilisimama mbele ya depo ile nikajaribu kukisia mlango ulikuwa wapi. Nimefika mbali, rafiki yangu, na sifichi. Sikuwa na mjomba serikalini. Nilibeba samaki sokoni Kituku, nikauza yuniti za simu, nikajilipia masomo hadi Bangalore, huko India. Mtaani wananiita Injenia, nami naitika.

Utotoni mwangu padri wetu alikuwa Mhindi. Kila Jumapili baada ya misa ya pili alifunga mapazia ya ukumbi, akaweka kaseti alizotumiwa na dada zake. Alisimama kando ya televisheni akitafsiri kwa Kiswahili chake cha kujifunza, na wimbo ukianza alinyamaza na kufumba macho, nasi tulijua amekwenda kwao. Ukumbi ulinuka mahindi ya kuchoma na nguo zilizolowa mvua. Wanawake walikuja na nyungo za maharagi, wapate kuchagua huku wakitazama. Bibi yangu alipima filme kwa ungo wake. Ikiwa hafifu, maharagi yalikuwa safi kabla haijaisha. Ikiwa nzuri, tulikula mawe wiki nzima.

Mawe mengi zaidi tuliyala kwa sababu ya filme ya mama mmoja aliyemngojea mwanawe stesheni. Mwana alikwenda mjini kusoma, na mama alikuja kila treni ilipopita, na kikapu chake cha chakula. Hakuna aliyepigwa katika filme ile. Nakumbuka ukumbi mzima ukivuta makamasi, na padri akishindwa kutafsiri.

Sisi tuliziita filme za Kihindi, basi. Ni ndani ya basi la Bangalore, konda akitaja vituo, niliposhtuka kwamba naijua sauti ile. Kumbe ilikuwa Kikannada, lugha ya watu wa huko. Nikajifunza, na hakuna Mkongomani aliyekiongea kunishinda. Mama mwenye nyumba niliyopanga alinieleza kwamba filme za ujana wake zilitoka kwenye riwaya. Watu walikwenda kuona kama mwigizaji ataweza kulia jinsi walivyolia wao waliposoma. Baadaye zikaja za kuiga, wapenzi wakicheza kwenye theluji ambayo kijiji chao hakijaiona, na viti vikabaki vitupu. Kisha, nikiwa palepale, zikaja kubwa: vumbi, migodi, ndevu, bunduki, zikitafsiriwa lugha tano kwa mpigo, India nzima kwenye foleni. Mama mwenye nyumba alikunja uso. Mimi nilipiga makofi. Lugha niliyoitolea jasho ilikuwa imepanda daraja, na mimi nilijihesabu miongoni mwa wenyewe. Filme ndogo, tulivu, bado zinatengenezwa. Ninazo mbili kwenye diski yangu. Sikuzijali.

Nilipofika nyumbani, jicho moja la bibi lilikuwa limekufa na la pili linaelekea huko. Daktari hakuficha. Bibi aliniomba kitu kimoja tu, kabla hajapofuka.

"Ile filme ya mama," alisema, "niione tena mbele jicho ifungike."

Nilimwahidi. Lakini filme za miaka ile picha zimefifia na sauti inakwaruza, na mimi nilikuwa nimenunua projekta na baffle mbili nzito, spika za kutikisa ukuta. Nilitaka aone kwanza Wakannada walipofika, katika zile filme kubwa za bunduki.

Jumapili moja mchana nikajaza sebule: bibi na ungo wake, wajomba, na mama mmoja aliyekimbia kutoka kambi ya wakimbizi wa vita ya Kanyaruchinya, ambaye bibi amempa chumba cha nyuma pamoja na watoto wake wawili. Nilitoa hotuba kidogo.

"Injenia," mjomba akanikata, "na sisi tutasikia nini? Hatukusoma ku Inde."

"Nitawatafsiria, papa."

"Tafsiri polepole basi, muzee padri alikuwa anatuachia nafasi ya kulia."

Walicheka, nami nikacheka. Bibi alikuwa anachagua maharagi haraka, na hilo lilipaswa kunitosha. Kisha shujaa akashika bunduki kubwa, nami, kwa kujivunia baffle zangu, nikapandisha sauti.

Nilidhani mama wa Kanyaruchinya ameangusha kitu. Alikuwa chini, kati ya viti, amewalalia watoto wake. Nje milango ya chuma ya majirani ilijibamiza mmoja baada ya mwingine, na sauti ya mwanamke ikaita, "Mulale chini! Batoto, mulale chini!" Ukutani yule mwenye ndevu aliendelea kufyatua, na muziki juu yake. Nilikuwa natafuta telekomandi nipunguze sauti.

"Zima," bibi alisema.

Nikang'oa waya. Mtu akagonga geti, akitafuta zilikotoka risasi. "Ni fasi gani? Masasi iko fasi gani?"

"Ni filme," nilisema.

Halafu nikamsikia akilipeleka neno hilo kwa jirani, na jirani kwa jirani, geti kwa geti hadi mwisho wa avenyu: ni filme, ni filme ya Injenia.

Bibi alimwinua yule mama, akampangusa magoti. Kisha akanigeukia.

"Vita imefika na kule kwao?"

"Hapana, Koko. Kule kuko amani."

"Sasa banaitafuta ya nini?"

Nina diplomu, na nilichofanya ni kukunja waya.

Projekta ikarudi kwenye boksi. Kila nikiigusa nilisikia yale mageti, nikaiacha, na majuma yakapita hivyo. Mtaa ulikuwa mwema, hakuna aliyenicheka mbele yangu, na wema huo ulinichoma zaidi. Padri alikwisha zikwa kwao, ukumbi uko chini ya mawe, na ile filme yenyewe sikuipata popote. Nilipata moja ya miaka ileile, ya mama mwingine. Mwishowe nikaiwasha, bila baffle, na sauti yote nimeizima. Picha ilikuwa inatetemeka kidogo, mama alikuwa amekwisha toka nje ya nyumba yake na kuanza kulia, na bibi, uso wake wote umeelekea ukutani, akanigusa mkono.

"Umeshaanza?" aliniuliza.