Kiti cha Ngozi Kilichotiwa Magadi

Enzi zetu mtu aliweza kuacha baiskeli nje ya kanisa, lakini kiti aliingia nacho. Wenzangu mliokulia mitaa ya Nairobi, Jericho, Maringo na Makadara, mnakumbuka. Jumapili uliwaona wanaume wazima wameketi kwenye mabenchi, Biblia goti hili, kiti cha baiskeli goti lile, na wakati wa kusimama kuimba walikibana kwapani kama kuku anayepelekwa sokoni. Hakuna aliyecheka. Kiti cha ngozi kilikuwa kinatoweka kabla hujafika kwenye amina.

Vijana wa siku hizi nikiwasimulia hivyo wananitazama kana kwamba tulikuwa tunaenda ibadani tumebeba mlango wa nyumba. Wao viti vyao ni vya sponji. Ukikaa unazama, ukiinuka kinarudi kilivyokuwa, kana kwamba hujawahi kupita hapo. Cha ngozi hakikuwa na haraka hiyo. Kwanza kilikukataa, halafu kilikuvumilia, halafu kikashika umbo lako, na kuanzia hapo mtu mwingine akikiazima alirudi analalamika.

Sisi tulikuwa wanne. Mimi, Mwende, ndiye kifungua mimba. Nyuma yangu alikuwa Mutua, aliyejua kila kitu hata alichokuwa hajaulizwa. Kisha Ndinda, aliyelia kwa niaba yetu sote. Kitinda mimba alikuwa Kioko, na Kioko alikula chochote kilichokaa mahali pamoja kwa muda. Baba alikuwa mchonga vinyago. Yeye alitangulia, na mama akamfuata mwaka ambao mimi ningeingia kidato cha pili. Sikuingia.

Baada ya mazishi, Baba Mdogo Kilonzo, ndugu yake baba, alituketisha. Alikuwa karani wa chama cha kahawa huko Machakos, mtu mwema aliyependa kila kitu kiwe mahali pake.

"Mutua ataenda kwa shangazi yenu Kitui," alisema. "Ndinda nitakaa naye mimi. Kioko aende kwa nyanya. Na wewe Mwende, kuna mwalimu anatafuta msichana wa kazi."

Alitugawa kama nyama ya mbuzi, kila mtu na fungu lake. Ndinda akaanza kazi yake ya kulia.

"Baba Mdogo, niachie hawa," nikamwambia. "Baiskeli ya baba ipo. Nitauza mboga."

"Msichana na baiskeli?"

"Miguu ninayo, Baba Mdogo."

Aliitazama hiyo miguu. "Shule zikifungwa nitakuja," akasema. "Nikikuta sufuria imelala kifudifudi, nawabeba wote."

Basi matanga yalipoisha, nikaenda kuiangalia baiskeli. Ilikuwepo, nyeusi, ndefu, na lile bomba lake la katikati. Kiti hakikuwepo. Mtu alikuja kutupa pole, akaimba nyimbo zote, akanywa chai, akaondoka na kiti.

Nilichukua kinyago cha mwisho cha baba, simba wa mti mweusi ambaye hakuwahi kumalizwa, nikateremka nacho hadi Kariokor kwa mafundi wa ngozi. Fundi mmoja alimgeuza simba huku na huku.

"Huyu hana mkia."

"Na baiskeli yangu haina kiti."

Alicheka mpaka akaweka nyundo chini. Tukabadilishana. Alinikatia ngozi nene ya ng'ombe, akaivuta juu ya fremu kuukuu, akaipigilia vifungo vya shaba. Alipokuwa akinikabidhi alinionya: "Kitakupiga kwanza, msichana wangu. Ngozi mpya ni kama mama mkwe, haikuzoei kwa siku moja. Kisilowe mvua. Na mafuta paka upande wa chini zaidi, huko ndiko kinakonywa."

Kilinipiga kweli. Kulipopambazuka nilivaa suruali ya baba chini ya gauni, nikafuata barabara ya Jogoo hadi soko la Marikiti, nikarudi na gunia la sukuma wiki na nyanya. Niliporudi nilikuwa nimeshuka baiskeli, lakini miguu yangu ilikuwa haijapata habari hiyo. Watoto waliokuwa wakicheza kati, ule mchezo wa kulengana kwa mpira, uwanjani waliacha mpira wao wa karatasi za maziwa wanitazame.

"Mwende, baiskeli umeacha wapi? Mbona bado unatembea kama uko juu yake?"

"Wacheni dada ya watu," mwingine akawaambia. "Si mnaona anatembea na pipa katikati?"

Nilicheka nao, maana ungekasirika mtaani kwetu ungebatizwa jina usiku huo huo na kuzikwa nalo.

Aliyenihurumia alikuwa Mama Nekesa, mwuza supu karibu na ule ukumbi tuliouita sosho. Alitoka pande za Bungoma, mama mpana wa mwili na wa sauti. "Huko kwetu mtu anazaliwa juu ya baiskeli," alisema. "Leta mkebe." Kila jioni alichemsha miguu ya ng'ombe, na yale mafuta mepesi yaliyoelea juu ya supu aliniengulia. Mafuta ya kwato hayagandi kama ya nyama, na ngozi huyanywa taratibu. Niliyapaka chini ya kiti kwa kidole, kama mtu anayempaka mtoto mchanga. Nyanya alituletea nta ya nyuki kutoka Kitui, hiyo nikaipaka juu ili maji yasipenye. Ndinda alishona kofia ya kiti kwa karatasi za mkate.

Tatizo la supu ni kwamba hata mbwa wanaijua. Kila asubuhi mbwa wa Jericho walinisindikiza mpaka barabarani, mbele wawili, nyuma kundi. Nilitoka mtaani kama chifu mwenye msafara.

Nyumbani kiti hakikupumzika. Kilifungwa juu ya kigoda na kukaliwa kwa zamu. Mutua alifanyia hesabu hapo, Ndinda alipembulia maharagwe hapo. Kioko tulimkuta siku moja amekiuma ncha ya mbele, na alama za meno yake mawili zikabaki. Tuliamini kila kalio lina mchango wake. Lakini watoto walikuwa wepesi kama maganda, na kiti kiliendelea kuwa jiwe. Mimi nikapata vidonda. Kuna siku nilishindwa kupanda, nikaisukuma baiskeli njia nzima, mboga zikafika zimelegea na wateja wamekwisha kununua kwingine. Siku hizo tulikunywa uji na kwenda kulala mapema. Sikuwaambia ni kwa nini, lakini watoto wa nyumba ya njaa hawahitaji kuambiwa.

Shule zikafungwa. Utingo wa basi akatuletea ujumbe: Baba Mdogo anakuja Jumamosi.

Jumamosi hiyo vidonda viliniuma nikaona heri nitembee. Nikaenda soko la Gikomba kwa miguu, kiti nikakiacha nyumbani. Niliporudi na mzigo wangu kichwani, nilikuta Ndinda anapepea jiko. Kando yake kulikuwa na karai, na ndani ya karai maji ya rangi ya chai ya rangi. Ndani ya maji, kiti. Kioko alikuwa amesimama hapo na kijiko.

"Mutua. Mmefanya nini?"

"Tumetia magadi," akajibu, bila wasiwasi wowote.

Mliolelewa kwetu mnaelewa. Mahindi makavu ya githeri yakigoma kuiva pamoja na maharagwe, unatia magadi. Maharagwe ya mwaka jana, magadi. Mboga ngumu ya kienyeji, magadi. Mutua alinieleza kama mwalimu anayemwonea huruma mwanafunzi mzito: "Githeri ngumu inaiva na magadi. Na hiki ni kigumu kushinda githeri. Tulitaka Baba Mdogo akifika akukute unaendesha vizuri."

Ningewachapa, lakini yale maneno ya mwisho yalinishika mkono. Nikakitoa kiti majini. Kilikuwa kimelegea juu ya fremu yake kama chapati iliyokosa moto. Bila kiti hakuna baiskeli, bila baiskeli hakuna Marikiti, na gunia la kupakia nguo zetu lilikuwa tayari ndani ya basi la asubuhi kutoka Machakos.

Tukamwita Mama Nekesa. Alikitazama, akatutazama mmoja mmoja.

"Nani amepika kiti?"

Kioko alificha kijiko.

"Kisuuzeni hiyo magadi yote itoke, mkirudishe kwa baiskeli," akasema. "Ngozi mbichi ni mtoto mchanga, itakua vile italazwa. Ikikauka bila mtu itajikunja kama sikio la mbuzi. Sasa lazima ikauke na mtu juu yake. Tena mtu mzito."

Tukaisimamisha baiskeli kwa stendi yake juani, ukutani kwetu. Nikapanda mimi wa kwanza. Wateja wa sukuma walipokuja ikabidi nishuke, akapanda Mutua, kisha Ndinda. Ngozi haikuwasikia. Mama Nekesa akavuta pumzi, akapanda mwenyewe, na baiskeli ikatoa sauti ambayo sijaisikia tena maishani. Alikaa hapo na upawa wake akiwaelekeza wateja wake wa supu kutoka juu kama askari wa barabarani. Lakini sufuria yake ilitaka kuni, naye ikabidi ashuke.

Ndipo Baba Mdogo akatokea pembeni mwa nyumba, kofia kichwani, suruali ya kijivu iliyopigwa pasi, na gunia tupu limekunjwa kwapani. Alimkuta Mutua juu ya baiskeli isiyokwenda, Ndinda na Kioko wanasubiri kwenye foleni.

"Hamjambo. Mbona mnaangua mayai?"

Nikamweleza yote, na magadi pia. Alisikiliza bila kupepesa macho.

"Mimi nimekuja kuwachukua," akasema.

"Najua, Baba Mdogo. Lakini hiki kikikauka vibaya, hata mimi nikibaki peke yangu hapa sitakuwa na kazi. Tusaidie kidogo. Wewe una uzito."

Sidhani alitaka. Ila alikuwa karani, na kwenye foleni karani hawezi kujizuia. Akauliza, "Zamu ni ya nani?"

"Ni yako," Mutua akamwambia, akashuka haraka.

Baba Mdogo akavua kofia, akapanda. Huko juu hakuwa na la kufanya ila kutazama. Akaona wateja wakija kwenye gunia langu na kuniita kwa jina. Akamwona Mutua akienda kuchota maji bila kutumwa. Ndinda akampelekea sahani ya githeri akaila hukohuko juu, Kioko ameshika gurudumu asianguke. Jua lilipohama, nasi tukamhamisha.

"Kaza mikono, Baba Mdogo."

Tukamsukuma mpaka ukuta wa jirani, mzima mzima, sahani mkononi, na mtaa wote ukatoka kutazama. Jua likahama tena, tukamsukuma mpaka karibu na bomba la maji, kina mama waliokuwa wakichota wakampisha kwa heshima. Mbwa nao walikuwa wamekuja, wameketi kumzunguka.

"Hiyo sufuria," akaniuliza mwishowe, "huwa hivyo kila siku?"

"Hapana," nikamwambia. "Siku zingine ni uji. Lakini haijalala kifudifudi, Baba Mdogo."

Aliponyoosha mkono chini kuipapasa ngozi ilikuwa kavu, na basi la mwisho la Machakos lilikuwa limekwisha kuondoka. Akashuka polepole. Nyuma ya ile suruali ya kijivu kulikuwa na kiti kizima kimechorwa kwa rangi ya kahawia, ncha na mabawa yake. Wa kwanza kucheka alikuwa Ndinda, yule wa kulia. Baba Mdogo alijipinda kujitazama, akashindwa kufika.

Alilala kwetu. Asubuhi alichukua lile gunia lake, akalikunjua, tukajua sasa ni nguo zetu. Akalifunga kiunoni kama leso kufunika doa.

"Nilikuja nalo kwa kazi nyingine," akasema. "Shule zikifungwa tena nitapita nione hicho kiti."

Akaenda zake kupanda basi, karani mzima na gunia kiunoni.

Kiti hakikushika umbo langu. Kilishika la Mama Nekesa na Baba Mdogo, kipana nyuma kama kiti cha enzi, lakini kilikuwa laini, na vidonda vikapona. Nilikipaka mafuta ya kwato, nikaingia nacho kanisani kikiwa kwapani kama wale wanaume. Kilimsomesha Mutua mpaka akapata kitu halisi cha kutuambia, kikamsomesha Ndinda, kikamlisha Kioko, na kumlisha Kioko haikuwa kazi ndogo. Baba Mdogo alipita kila likizo. Alikibonyeza kwa kidole gumba, akatikisa kichwa kuridhika, akaomba githeri.

Leo ninakaa Komarock. Binti yake Ndinda ana baiskeli ya mazoezi sebuleni, ya umeme, inayohesabu jasho lako na haiendi popote. Kazi yake kubwa ni kuanikiwa nguo. Nyumba zetu zimejaa makochi, kila mtoto ana chumba chake na simu yake, na ukiwaambia wasogee mkae pamoja wanauliza kuna nini. Sisi tulikuwa wanne, kiti kimoja, na kila mtu alijua zamu yake.

Krismasi wadogo zangu wakija kwangu na watoto wao, nakitoa kile kiti kabatini na kukifunga juu ya kigoda uani, alama za meno ya Kioko bado zipo. Tunakikalia mmoja mmoja kwa utaratibu wa siku ile, na watoto wanatupiga picha wakitucheka. Mimi, Mutua, Ndinda. Zamu ya marehemu Mama Nekesa tunaiacha ipite. Ikifika ya Baba Mdogo hatukai. Tunakiinua kile kigoda, sote wanne, tunakisogeza mahali jua lilipohamia.