Nilisema Mmea Mzima

Naandika haya nimelifunika daftari kwa kiganja, ingawa chumbani niko peke yangu, maana aibu yenyewe haijapoa, na hadi leo nikipita karibu na shule ya msingi najifanya natafuta kitu kwenye mkoba.

Shangazi yangu anafundisha darasa la tatu hapa kijijini, nami niko kwake nasubiri matokeo ya kidato cha nne. Jumatatu sauti ilimkauka kabisa, akaniandikia kwenye karatasi nimshikie somo la sayansi, mimea yenye mzizi mkuu na yenye mizizi ya nyuzinyuzi, basi. Mimi ambaye hata kanisani nachezesha midomo tu wenzangu wakiimba! Nikafundisha huku nautazama ubao, nikawaambia mahindi yana nyuzinyuzi, kahawa ina mzizi mkuu, halafu (hapa ndipo nilipojichimbia shimo) nikasema, "Kesho kila mtu alete mmea mzima, auoshe udongo, tuone mizizi."

Skola wa dawati la mbele akanyoosha kidole. "Dada, tukauchukue wapi?"

Macho yote yakanigeukia, nikatamani kengele ilie. "Popote," nikasema, "ila uwe mzima."

Nilimaanisha uwe na mizizi, shina na majani. (Nani angeelewa vingine?)

Kesho yake nakuta kila dawati lina mche wa kahawa, majani yanang'aa, mzizi umeoshwa bombani ukatakata, umenyooka kama msumari, nami nikafurahi, jamani, nikasema, "Hongereni!" wakajipigia makofi, na makofi hayajaisha mlangoni kasimama Mzee Hyera, ambaye kitalu chake kiko nyuma ya shule, mkononi ana kiriba kitupu, kile kimfuko cha plastiki cha kukuzia mche. Miche ile aliilea tangu mwaka jana, alikuwa anangoja mvua ikolee aihamishie shambani.

"Shikamoo, babu."

Hakuitikia. Akapita dawati hadi dawati, akiigusa mizizi kwa ncha ya kidole.

"Nani kawatuma?"

Vidole vyote kwangu. "Ni dada," Skola akasema, tena kwa adabu. "Alisema mzima, babu. Ile yenye ugonjwa tumekuachia."

Walimu waliokuwa dirishani wakacheka. Mimi nilitamani sakafu inimeze, lakini kibaya zaidi kilikuwa bado, kwa sababu shangazi aliingia, akafungua mdomo aombe radhi, sauti haikutoka, basi akapiga goti pale kwenye vumbi la chaki, mbele ya wanafunzi wake, kwa kosa langu.

Tuliirudisha miche kwenye viriba siku hiyohiyo. Kila jioni nimekuwa nikienda kumwagilia, na kila jioni shikamoo yangu imekuwa ikianguka chini bila wa kuiokota. Mingi imeshika. Mingine imekauka, nami nimemwahidi mzee kuotesha mipya, ingawa itachukua mwaka.

Leo ndiyo ameitikia. "Marahaba," akasema, bila kuniangalia. "U mzima?"

Nikainamia ndoo.

Sitasimama tena mbele ya darasa, naapa. Na nikilazimishwa, nitamtazama usoni kila anayenyoosha kidole, na mmea wa somo nitakuja nao mwenyewe, gugu, nililoling'oa kwa mkono wangu.