Bili Moja, Kesi Mbili: Popi wa Thevenard na Swali la Mhasibu

Ni saa tano asubuhi. Kikaango cha kushoto kinatokota, cha kulia kimefunikwa kwa taulo na hakitoi hata mlio. Kalliopi Halkias, ambaye mji mzima wa Thevenard, bandari ndogo ya Australia Kusini, humwita Popi, anachovya mnofu wa papa kwenye rojo la unga, anaukung'uta mara moja na kuulaza kwenye mafuta bila kurusha hata tone.

Upande wa pili wa kaunta, Darrell Noske, dereva wa lori la jasi, anatazama saa yake kwa makusudi ili aonekane.

"Popi, huyo papa unamkaanga au unamlea?"

"Nenda kale sandwichi za kituo cha mafuta, zimekaa pale tangu Jumatatu zinakungoja wewe. Mimi nina kikaango kimoja. Ukiwa na haraka ingia huku umenye viazi."

Darrell haendi popote. Hula hapa kila siku ya kazi, na kila siku hulalamika.

Kikaango cha kulia kilikufa mwezi wa nane. Kipya ni dola elfu tisa, na muuzaji anataka elfu tatu na nusu mkononi kabla hajakipakia kwenye gari. Popi, mwenye umri wa miaka hamsini na minane, katika mwaka mzuri hubakiwa na dola elfu hamsini na tano hivi, kabla ya kodi. Na mwezi wa kumi na mbili misafara ya wasafiri wa kiangazi itaanza kumiminika, kila gari na watoto wanne wenye njaa. Kwa kikaango kimoja, nusu yao watachoka na foleni na kwenda kula kwingine.

Msimu wa hesabu za kodi ulipofika, Popi alikuwa ameweka matumaini yake yote kwenye bili ya wakili, dola 11,400. Alisikia redioni kwamba fedha unazomlipa wakili kwa mambo ya biashara hutolewa kwenye mapato kabla kodi haijapigwa. Akapiga hesabu pembeni ya gazeti. Kodi ingepungua kwa zaidi ya elfu tatu na nusu, na kikaango kingekuja.

Akampelekea bili mhasibu wake, Lorraine Pfitzner.

"Alinipa kiti, akanipa chai, halafu akaniuliza swali lililoniharibia wiki nzima," anasema Popi. "Akasema, 'Popi, hapa mlikuwa mnagombania nini?'"

Lorraine hakuwa mbea. Bili yenyewe ilikuwa na mstari mmoja tu: Kazi ya duka la familia. Aliyeiandika ni wakili Fanis Kouros, mtoto wa msimamizi wa ndoa ya Popi. Kwetu sisi Wagiriki msimamizi wako wa ndoa ni damu yako, na watoto wake ni ndugu zako. Kumwandikia ndugu kwamba nilikusikiliza dakika ishirini, nikakupigia simu dakika tano, ni aibu. Ni sawa na kumhesabia mgeni vipande vya mkate mezani. Kwa hiyo Fanis alipunguza bei, akajumlisha yote pamoja, na akaona amefanya ustaarabu.

"Ustaarabu alinifanyia, sikatai," anasema Popi. "Ila Lorraine hakujua auweke wapi."

Maana ndani ya mstari ule mlikuwa na kesi mbili.

Ya kwanza ni ya bomba la moshi. Bwana mmoja alihamia kutoka jiji la Adelaide, akanunua nyumba iliyopakana na duka la samaki, na baada ya miezi mitatu akashtaki kwamba kunanuka samaki. Mji ulicheka, lakini mashtaka hayajibiwi kwa kicheko. Fanis akamjibu, bomba likaongezwa urefu, mambo yakaisha.

Ya pili mji haukuicheka. Siku ya harusi ya Popi, baba yake aliinua glasi mbele ya wageni wote akatamka kwamba duka anampa binti yake, liwe mali yake ya kuanzia maisha. Watu wakanywa, wakacheza mpaka asubuhi. Hakuna aliyeandika. Hati ilibaki kwa jina la Stamatis, kaka yake Popi, kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwa akishughulika na benki. Popi alikaanga samaki pale zaidi ya miaka thelathini bila kuuliza hati iko wapi, kwani nani anamdai baba yake karatasi?

Baba akafa. Akatokea mnunuzi wa jengo, na Stamatis akakubali bei.

"Nikamwambia, kaka, unauza cha nani? Akanijibu, 'Dada yangu, divai siyo hati.'"

Ulikuwa mwaka mzima wa barua za mawakili. Wazee waliokuwepo harusini walikula kiapo juu ya yale waliyoyasikia. Hatimaye Stamatis alisaini, na duka likaandikwa jina la Popi. Tangu siku hiyo hajamsalimia dada yake.

Lorraine alimweleza taratibu. Bomba la moshi halina shida: ameshtakiwa kwa sababu anakaanga samaki, na kukaanga ndiko kunakomlisha, kwa hiyo gharama hiyo inatolewa. Lakini kama walikuwa wanagombania duka ni la nani, hiyo ni gharama ya kupata mali, siyo ya kuendesha kazi. Haitoki mwaka huu. Inawekwa kando mpaka siku atakapouza.

"Nikamwambia siuzi. Akasema, 'Basi mama, itakaa hapo hapo.'"

Akampigia Fanis. Fanis, mwenye huruma kuliko uangalifu, akamwambia, "Dada, nikuandikie nini? Niseme mlibishana nani apokee mapato ya kila siku, iwe gharama ya kazi, basi. Nani atakuja Thevenard kuuliza?"

Darrell naye alikuwa na ushauri, kama kawaida.

"Weka yote! Serikali imeshawahi kukununulia kikaango?"

Popi alikaa na jambo hilo siku kadhaa. Anakiri kwamba alitamani sana. Jumapili baada ya ibada alibaki amekaa peke yake kanisani mpaka mzee wa kufunga mlango alipomtikisia funguo.

"Nilifikiria hivi," anasema, akifuta mikono kwenye aproni. "Nikiandika tuligombania mapato, maana yake duka lilikuwa la Stamatis, na mimi nilikuwa mkaangaji tu, nataka mshahara wangu. Mwaka mzima nimepigana watu wakiri kwamba lilikuwa langu tangu baba alipotamka. Nimempoteza kaka yangu kwa neno hilo. Halafu leo niandike kwa mkono wangu kwamba halikuwa langu? Kwa ajili ya kikaango?"

Wapo watakaosema ni ukaidi, na kwamba neno la marehemu halikaangi viazi. Mimi niliyaona macho yake wakati anasema, na simo miongoni mwao.

Fanis aliandika upya: elfu tatu za bomba, elfu nane na mia nne za kaka. Zilizotolewa ni zile elfu tatu peke yake. Kodi ilipungua kidogo, haikufika hata dola elfu moja, na taulo bado limefunika kikaango cha kulia.

Mipango ipo. Kuna baa inafungwa huko Penong, mji jirani, na ina vikaango viwili vya mtumba. Darrell ameahidi kuvibeba kwa lori lake bila nauli, ingawa ameshaanza kudai alipwe kwa papa.

Ninapomuuliza Popi anatamani nini zaidi, hazungumzii vikaango. Anaelekeza kidole dirishani. Kila Alhamisi jioni, anasema, pikapu nyeupe huegeshwa pale ng'ambo. Koula, mke wa Stamatis, hushuka na kuja kununua. Stamatis hubaki kwenye usukani, amegeukia baharini. Samaki wa Stamatis, Popi humkaanga mwenyewe, kwa unga mkavu bila rojo, kwa sababu rojo humchoma tumbo tangu utotoni. Koula hajawahi kuagiza hivyo, na Popi hajawahi kumwambia.

"Mungu anisamehe," anasema Popi, "ninamwombea Koula mafua. Siyo homa kali, jamani. Mafua tu, ya Alhamisi moja, ili kaka aje mwenyewe."