Tulimnyima Moto Bibi Twilumba

Nakumbuka, mwanangu, siku ambayo gari la sinema lilifika kijijini kwetu, huku Makambako, wakati wa utawala wa Mwingereza. Nilikuwa msichana wa miaka kumi na mitano, mdomo mwepesi kuliko akili.

Jua lilipozama wakatundika shuka jeupe, kijiji kizima tukakaa chini. Picha yenyewe ilikuwa ya mnyama anayekula watu. Mwili wa fisi, mikono ya binadamu, anachechemea. Anaingia kijiji cha watu weusi kama sisi, anakula, anakula, mpaka mzungu mwenye bunduki anampiga risasi. Ngozi inavuliwa, na ndani yake, eti, kuna bibi kizee wa kijiji hicho hicho! Mkalimani akatuambia kwa kipaza sauti, “Mmeona? Adui yenu mnakaa naye.” Mpaka leo nikilikumbuka neno hilo damu inanichemka. Watu wamepandisha mashine milima yote hii kuja kutufundisha kuogopana!

Lakini nisimsingizie mkalimani peke yake. Yule mnyama alipotokea akichechemea, mimi ndiye niliyepiga kelele, “Jamani, si Bibi Twilumba huyo!” Watu wakacheka mpaka wakashika mbavu. Bibi Twilumba alikuwa jirani yetu, mjane, mguu wake uliumia alipoteleza mianzini akigema ulanzi, ile pombe ya mianzi. Naye alikuwepo pale, akacheka pia. Alidhani ni utani. Hata mimi nilidhani hivyo.

Sasa uelewe, miezi ile simba walikuwa wanakula watu kweli. Walishakula watatu kwenye kambi ya vibarua wa shamba la miti, mali ya mzungu mmoja ambaye jina lake nalijua vizuri, ila sitampa heshima ya kulitaja. Waliokufa nitawataja: Lutengano, Zakaria mwana wa Naomi, na Obadia, mume wa mama yangu mkubwa, Yuditha. Kicheko cha sinema hakikumaliza siku mbili, kikageuka mnong'ono: anayewatuma simba ni yule anayechechemea.

Wiki ile ile mvua ikavuja nyumbani kwa Bibi Twilumba, moto wake ukazimika. Kwetu, moto ukizimika unakwenda kwa jirani na kigae, unapewa kaa, unarudi kuwasha. Sikuwahi kusikia mtu amekataliwa. Yeye siku tatu alizunguka, kila nyumba wakamfungia. Na baridi yetu unaijua. Siku ya nne asubuhi akafika kwetu, niko peke yangu.

“Kamwene, mjukuu wangu. Nisaidie kaa moja tu.”

“Hatuna moto, bibi.”

Akatazama paa letu. Moshi ulikuwa unatoka kwenye nyasi kila upande. Akageuka na kigae chake.

Mama mkubwa Yuditha alikuwa anarudi na kuni, wakapishana njiani. Alikuwa bado na kitambaa cha msiba kichwani. Akatua mzigo, akaniuliza, “Umemwambia nini yule?”

“Mama mkubwa, si ndiye aliyemla baba mkubwa?”

“Nani kakwambia?”

“Watu.”

“Watu! Nimeishi na Obadia miaka kumi na tisa, halafu watu ndio wanaojua kilichomla? Obadia alilala kwenye kibanda kisicho na mlango. Mara tatu walimwomba mzungu fito za milango, akasema miti yake si ya kuchezea. Kilima kizima cha miti, wewe mtoto, na mlango mmoja wamekosa! Twilumba ndiye aliyewanyima?”

Akanivuta mpaka mekoni.

“Chukua kaa. Si hilo, chukua kubwa. Twende.”

Tulimkuta amekaa mbele ya mafiga ya baridi, anatafuna mahindi yaliyolowekwa majini. Mama mkubwa akapiga magoti kupuliza moto. Bibi akanitazama mimi, akasema, “Siku nne mmenilisha vibichi. Nikiota manyoya msishangae.” Mama mkubwa akacheka huku analia. Mimi sikuweza kucheka.

Kesho yake, mchana kweupe, mama mkubwa na wanawake watano walichukua mapanga wakaingia shamba la miti. Nyapara akapiga kelele mpaka sauti ikamkauka. Wakakata fito, wakaweka milango kambini, na tangu hapo simba hawakupata mtu pale. Na unajua ni nani aliyefungwa? Si yule aliyeacha watu walale wazi! Yuditha ndiye aliyefungwa Njombe, mwezi mzima, kwa wizi wa miti. Na aliyewalea watoto wake mpaka akarudi ni Bibi Twilumba.

Kwa hiyo, mwanangu, wakikuonyesha mnyama, kwenye picha au kwenye maneno ya watu, usikimbilie kutafuta jirani wa kumfananisha naye. Uliza kwanza watu wanakufaje, na nani angeweza kuzuia akakataa. Huyo ndiye wa kumuuliza, tena kwa sauti, hata akiwa na bunduki. Na mdomo wako uchunge. Wangu ulimtoa mtu katika hesabu ya binadamu kwa maneno machache tu, na sijawahi kujisamehe sawasawa.

Mungu akukuze. Akupe moyo usioogopa wakubwa wala kuonea wanyonge, na uzeeke ukiwa na watu wanaofurahi kukuona ukiingia kwao.