Kondoo wa Mwalimu Roelof

Uzi wa luti ulikatika ukanichapa shavuni, mbele ya majaji, katikati ya usaili wa maisha yangu.

Nikatabasamu. Kwetu wapiga muziki wa kale hapa Utrecht, kukatikiwa na uzi ni heshima.

Usicheke. Luti ni ndugu yake udi wa taarabu, na nyimbo tunazopiga ni za watu waliokufa zamani kabla ya choo cha kuvuta. Basi nyuzi lazima ziwe za utumbo wa kondoo, kama zao. Kanisa tunamopigia likiwa na unyevu kidogo tu, zinalegea, zinakatika, nasi tunasema ndio utamu wenyewe.

Askofu wa dini hii ni Mwalimu Roelof. Alimfukuza rafiki yangu Wiebe kwenye kikundi chake kwa kumkuta na nyuzi za nailoni.

“Kavulie samaki!” alimfokea mbele ya watu.

Siku hizi Wiebe anaziba pancha za baiskeli. Nafasi niliyokuwa naiwania ilikuwa yake. Nikiikosa, narudi kwa baba kukamua ng'ombe.

“Roelof, mpe luti yako amalizie,” akasema jaji, Bi Odilia.

Mwalimu akabadilika rangi. “Yangu? Hii... haijazoea mikono ya watu.”

“Mpe bwana, tunaganda hapa!”

Akanipa. Nikagusa uzi.

Mtelezo.

Jamani, utumbo unakwaruza kidogo kidoleni. Huu uliteleza kama sabuni. Nailoni tupu! Nikamtazama Mwalimu. Mwalimu akatazama dari.

Nikapiga kwa hasira mpaka mwisho. Bi Odilia alikuwa anafuta machozi.

“Mmesikia kondoo huyo? Plastiki ingeweza haya?”

“Haiwezi,” Mwalimu akajibu. “Nafasi ni yake.”

Nikambana kwenye korido.

“Mwalimu, kondoo wako anachungwa kiwanda gani?”

“Punguza sauti, binti! Utumbo ni ghali na unakatika kila wiki, mimi nitakula nini? Njoo Jumatatu.”

“Tunakuja wawili. Mimi na Wiebe.”

“Kikundi kinataka mpiga luti mmoja.”

“Bi Odilia bado anavaa koti, Mwalimu. Nimwite?”

Akachungulia mlango wa ukumbi.

“Wawili,” akasema.

Jumatatu Wiebe alikuja, kucha bado nyeusi kwa grisi. Alipofungua kasha, Mwalimu hakuuliza habari za kondoo.

Funzo langu ni moja. Ukimwona mtu anafukuza wenzake kwa kukosa usafi wa imani, usibishane naye. Mwombe tu akuazime chombo chake.