Neno Nililompa Baba

Baba yangu alikuwa mtunza ghala wa chama cha ushirika, kwanza Ilemba, baadaye mjini Sumbawanga. Tulihamia Izia, mtaa wa mji huo, nikiwa darasa la pili. Alikuwa amesoma kwa mapadre mpaka darasa la nane, na Kiingereza alichokipata huko alikitunza kama mtu anavyotunza suti ya harusi. Hakukitoa ovyo. Nyumbani tulizungumza Kifipa, kazini alizungumza Kiswahili, na Kiingereza alikiweka kwa ajili ya barua za kikazi, alizoziandika kwa mwandiko uliolala upande mmoja kama nyasi zilizopigwa na upepo.

Ninayoyasimulia yalitokea miaka ile soko huria lilipofika kwetu. Kabla ya hapo, mavuno yakianza, malori ya ushirika yalipanga foleni mbele ya ghala na baba alirudi nyumbani na vumbi la mahindi kwenye nyusi. Kisha ruzuku ya mbolea ikaondolewa, na bei ya mfuko mmoja ikawatisha wakulima. Wakati huohuo wafanyabiashara wakaanza kufika mashambani na magari yao kabla mizani ya ushirika haijafika. Walinunua kwa lumbesa, gunia lililojazwa mpaka likashonewa kilemba juu, na mkulima alikubali kwa sababu wao walikuja na pesa taslimu, wakati ushirika ulikuja na ahadi. Misimu miwili baadaye ghala la baba lilikuwa na panya na harufu ya mahindi ya zamani. Aliendelea kulifungua kila asubuhi saa moja na nusu, akafagia, akakaa.

Nilikuwa kidato cha tatu ilipokuja barua kutoka makao makuu. Ilisema kwamba wageni wangekuja, baadhi yao wahisani kutoka nje, kuamua ni maghala gani yabaki na yapi yafungwe. Kila mtunza ghala aliagizwa aandike ukurasa mmoja kwa Kiingereza, aeleze kwa nini mahindi hayaji tena.

Baba aliandika taarifa yake kwanza kwa Kiswahili kwenye daftari langu la zamani. Naikumbuka vizuri kwa sababu niliisoma mara nyingi baadaye. Aliandika kwamba bei ya mahindi imeporomoka, mbolea haishikiki, na wakulima waliokuwa wakijivuna kwa mashamba yao sasa wamekata tamaa. Ilikuwa taarifa nzuri. Angeipeleka hivyo ilivyo, hakuna ambaye angecheka.

Jumamosi mchana alikaa mezani kuigeuza Kiingereza. Mama alikuwa uani akipepeta ulezi. Nikamwona baba amekwama, kalamu iko hewani. Akaniuliza Kiingereza cha kuporomoka, lakini si kuporomoka kwa ukuta, kwa uchumi.

Wiki hiyohiyo mwalimu wetu wa biashara alikuwa ametufundisha neno hilo. Nilikuwa wa kwanza darasani kwa Kiingereza, na nilikuwa na tabia ya kuacha kusikiliza mara tu nilipodhani nimeelewa. Mwalimu alikuwa bado anaeleza, mimi nikawa nimeshafunga daftari. Nikamwambia baba: slump. Nikamwandikia pembeni mwa karatasi.

Alilijaribu mdomoni. Likatoka "silampu". Akatabasamu kidogo, akalipenda.

"Linatumika kwa bei tu, mama, au hata kwa watu?" aliniuliza. Aliniita mama, kama baba wengi wa kwetu wanavyowaita binti zao.

Nikasema, "Hata kwa watu, baba."

Nilijibu upesi, bila kufikiri, kama mtoto aliyezoea kusifiwa. Naye akaandika kwamba wakulima wa eneo lake wame-slump tangu msimu uliopita, na kwamba wataendelea ku-slump wasipopata mbolea. Alinitaka nimsomee kwa sauti. Nilipomaliza alisema imekaa sawa, akaikunja, akaivalia shati safi kuipeleka kwa mpiga chapa, ingawa ofisi zilikuwa zimefungwa mpaka Jumatatu na ilimbidi arudi nayo.

Mkutano ulifanyika wakati wa likizo ya Juni, ule mwezi ambao baridi ya Sumbawanga hupita kwenye sweta. Wanachama walialikwa. Mama alikuwa mwanachama, akaenda, nami nikafuatana naye. Tulikaa nyuma. Watunza ghala walipangwa kwenye viti vya mbele, baba wa tatu kutoka mlangoni, koti limefungwa vifungo vyote. Ofisa aliyetoka Dar es Salaam, kijana mwenye tai, alikuwa akizisoma taarifa moja baada ya nyingine mbele ya wageni, kisha anatufafanulia sisi kwa Kiswahili.

Alipofika kwenye ya baba alisoma mistari michache akasimama. Nikaona bega lake linatikisika. Alisoma tena kwa sauti sentensi ile ya wakulima, na mgeni mmoja akacheka puani. Kisha akatugeukia.

"Mzee wetu hapa anasema wakulima wake wamelegea wakaanguka, kama mtu aliyezidiwa na pombe akiwa kitini," alisema. "Na anasema wataendelea kuanguka hivyo mpaka wapewe mbolea."

Ukumbi ukacheka. Hata wanachama ambao hawakujua neno moja la Kiingereza walicheka, kwa sababu wageni wamecheka. Baba alisimama. Sijui kwa nini alisimama, hakuna aliyemwamuru. Nadhani alihisi ameitwa. Alisema, "Nilikusudia bei, ndugu." Ofisa akamwambia hamna neno mzee, kaa. Baba akakaa, na mkutano ukaendelea na taarifa nyingine.

Hakugeuka kunitafuta. Nilimwangalia kisogoni muda wote uliobaki nikiomba ageuke, na nikiomba asigeuke.

Tulirudi kwa miguu, mimi na mama, baba akiwa amebaki na wenzake. Tulipopita kanisani mama aliniuliza baba yako aliandika nini hata watu wakacheka. Nikamweleza kwamba kuna neno la kusema bei imeanguka, baba akalitumia kwa watu, na likitumiwa kwa watu lina maana ya kuanguka kwa kulegea. Sikusema ni nani aliyempa.

"Na sisi hatujaanguka?" alisema. "Mimi sioni cha kucheka hapo."

Ghala lilifungwa kabla ya mvua za kwanza. Baba akawa miongoni mwa waliopunguzwa. Leo ninajua kwamba neno lile halikufunga ghala. Walipunguzwa karibu wote, hata wale ambao taarifa zao zilisomwa bila kosa, na majengo yakakodishwa kwa wafanyabiashara walewale wa lumbesa. Lakini wakati ule nilikuwa na miaka kumi na sita, na niliamini kwamba mimi ndiye niliyemwachisha baba kazi kwa neno moja.

Shule ilipofunguliwa nilimfuata mwalimu wa biashara nikamuuliza. Alinieleza kwa upole yale niliyoyakosa siku ile. Bei inaweza, mauzo yanaweza, biashara ya nchi nzima inaweza, alisema. Mtu akifanya hivyo, basi ni mwili wake umeshindwa. Nilikwenda chini ya dirisha la maabara nikaandika sentensi sahihi, nikaijaza kurasa mbili, nikilia. Haikumsaidia mtu.

Baba hakunigombeza. Hakulitaja neno lile kabisa. Alilima ulezi na mahindi kwenye kipande chetu cha pembezoni mwa Izia, na sikumwona tena akiandika Kiingereza. Barua za shule yangu zilipokuja kwa lugha hiyo alinipa nizisome, akasaini niliponyooshea kidole. Hilo ndilo lililoniumiza zaidi, kwamba alisaini bila kusoma.

Nilimwambia ukweli miaka mingi baadaye. Nilikuwa nimeshakuwa mwalimu wa Kiingereza, nilikuja likizo nikamkuta amelala, kifua kimemshika tangu masika. Mama alikuwa ametoka kwenda kwenye sala za jumuiya. Nilimsalimu shikamoo, nikamnywesha uji, na kabla sijaweka kikombe chini nikasema kwamba lile neno la kwenye taarifa lilikuwa kosa langu, kwamba aliniuliza nikamjibu bila kujua.

Alijifuta uji mdomoni.

"Nilijua," alisema. "Usiku wa Jumamosi ile nililitafuta kwenye kamusi. Kamusi ilisema ni la bei."

Nikamuuliza kwa nini basi hakulibadilisha.

"Kamusi ilikuwa ya wakoloni. Wewe ulikuwa unasoma sasa hivi." Alipumzika apate pumzi. "Nilisema mwanangu atakuwa anajua zaidi."

Miaka yote ile nilidhani ninabeba kosa la kutojua. Kumbe nilichokuwa nimekivunja ni kitu kikubwa zaidi, imani yake kwangu, na yeye alikuwa amekiona kikivunjika pale ukumbini, mbele ya watu, akaamua kusimama na kusema alikusudia bei, asinitaje. Aliniomba nimgeuze aelekee ukutani, mwanga wa dirisha ulikuwa unamsumbua. Nikamgeuza. Alikuwa mwepesi kuliko mimi.

Alifariki kabla ulezi haujakatwa. Wakulima walikuja kutoka Ilemba, kule bondeni, kumzika, baadhi yao wakiwa wamekwea mlima tangu alfajiri, na mmoja alinisimulia jinsi baba alivyokuwa akimpimia mahindi bila kuegemeza mkono kwenye mizani. Nilirudi kazini baada ya siku tisa. Mama aliendelea kulima kile kipande peke yake misimu miwili, kisha magoti yakamkataa, akakikodisha kwa familia ya wafugaji waliotoka Usukuma, ambao walikipanda mahindi na kukizungushia miiba ili ng'ombe wao wasiingie.